Njiwa wa Kabaila

Agosti ya 1789 ilikuwa ukingoni. Kwenye gari la farasi la kwenda mji wa Chartres, Ufaransa, mjane Mathurine wa kijijini kwetu alikaa mbele yangu, amepakata kikapu chenye njiwa. Kando yake, karani wa mahakama alikuwa akitusomea Tamko la Haki za Binadamu, lililopitishwa na Bunge siku chache tu nyuma, kwa sauti ya mahubiri, kana kwamba amelitunga yeye.

"Mali ni haki takatifu," akasema, kisha akachungulia kikapuni. "Mama, huyo si wa mnara wa njiwa wa kabaila?"

"Wa kabaila vipi? Kanenepa kwa ngano yangu! Na mwaka jana, kabla haki za makabaila hazijafutwa, ningemrushia hata kijiwe, ningefungwa."

"Mwizi ni mwizi, mama."

"Hebu nisomee tena pale pa kuzaliwa huru."

"Pale wametajwa watu, si njiwa. Ila kwa kuwa watu ni sawa, mchuzi wake tutagawana?"

"Loo! Haki takatifu imeshaingia chunguni?"

Mimi nilikuwa na njaa, kwa hiyo nikawa upande wa mchuzi.

Gari likasimama kwa kishindo, kifuniko cha kikapu kikafunguka. Njiwa akatoka kupitia dirishani, huru kabisa, akaruka moja kwa moja kurudi mnarani kwa kabaila.