Ufunguo wa Kuchonga wa Mzee Hakikisha

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Kama redio yako inakoroma, ipige kofi kidogo, maana leo sitaki mtu asikie nusu halafu aongezee yake. Yaliyokwisha kuongezwa yanatosha.

Leo tunamkumbuka mchonga funguo wa karibu na stendi, yule wa kibanda cha mabati ya kijani. Mlimjua kwa jina la Mzee Hakikisha. Amefariki. Aligongwa na pikipiki akivuka barabara. Narudia: aligongwa na pikipiki. Nina sababu ya kurudia, na mjane wake aliyenikaribisha sebuleni kwake ana sababu ya kunituma.

Mzee Hakikisha hakuamini kitu. Ukimsalimu "habari za asubuhi", anatazama saa kwanza. Mjane anacheka na machozi yanamtoka akikumbuka siku waliyokuja kumposa. "Alimuuliza mama yangu, huyu ndiye mwenyewe au mna mwingine ndani? Mama alicheka mpaka akashika ukuta."

Jambo moja tu aliliapia. Mteja akiguna kwamba ufunguo wa kuchonga si kama ule uliokuja na kufuli, Mzee anawaka. "Kufuli halisomi jina la kiwanda! Linataka meno yakae sawa, basi!" Yashikeni maneno hayo, tutayarudia.

Presha ikampata. Daktari akamwandikia dawa kwa jina la kampuni, vidonge vya bluu kwenye boksi linalong'aa. Vilikuwa ghali. Hela ya dawa ikaanza kula hela ya chakula. Binti wa duka la dawa akamwonea huruma, akamtolea vidonge vyeupe vya bei nafuu.

"Ni dawa ileile, mzee wangu. Kampuni ndiyo tofauti."

"Kama ni ileile, mbona bei siyo ileile?"

"Wale wa kwanza wanauza na jina lao. Hawa wanauza dawa tu."

"Wewe binti, rahisi ghali. Nirudishie za bluu."

Ama kweli mganga hajigangi!

Sasa mke wake naye akaanza kushuku. Mume anachelewa kurudi. Mfukoni hana kitu. Akiulizwa, anakohoa. Mama wa watu akanusa mashati, akasikia harufu ya shaba na ya dawa ya kusafishia vidonda. "Nikasema haya, amepata nesi," ananiambia. Siku moja akajifunga kanga, akamfuata kwa nyuma. Mzee akaingia duka la dawa la kwanza, akatoka. Akaingia la pili, akatoka. Kila mahali anauliza bei ya vidonge vya bluu, kila mahali anatikisa kichwa. Mama akarudi nyumbani, moyo umemtulia kuhusu wanawake. Kuhusu mengine bado.

Na alikuwa na haki. Asubuhi moja kibandani, tupa ya kunolea meno ya funguo ilimponyoka Mzee mkononi. Akainama kuiokota, mkono ukakataa. Mdomo ukaenda upande. Kiharusi.

Hospitali daktari akauliza, "Dawa umekuwa unameza?"

"Kila siku," akajibu kwa shida.

 Mke wake alikwenda kibandani, akafungua droo, akarudi na alichokikuta. Akakimwaga juu ya shuka mbele ya daktari. Vilikuwa vipande vya vidonge vya bluu. Mzee alikuwa anakibana kidonge kwenye jiliwa lake dogo la kubania funguo, anakikata kwa msumeno wa funguo. Nusu leo, nusu kesho, boksi lisiishe mapema. Na kweli alimeza kila siku. Alimeza nusu kila siku.

"Mzee, dozi hii haikutoshi," daktari akasema. "Ungeniambia imekushinda bei, ningekuandikia ya bei nafuu. Hii nyeupe ukiimeza nzima, itakulinda zaidi kuliko hii ya bluu ukiimeza nusu."

Mzee akageuza uso ukutani. Ndipo mke wake akaketi kitandani, akamshika ule mkono mzima.

"Baba, nikuulize kitu. Ufunguo wa kuchonga unafungua mlango au haufungui?"

Mzee akajikoholesha.

"Nakuuliza wewe, fundi."

"Ukichongwa vizuri," akasema.

"Basi twende tukahakikishe."

Wakahakikisha kweli. Duka lenye kibali. Jina la dawa lenyewe, siyo la kampuni. Tarehe ya mwisho. Kisha kila wiki anakwenda zahanati kupimwa presha, akitaka kuwafumania wenye vidonge vyeupe. Hakuwafumania. Presha ilishuka, ikatulia, miaka mingi. Akaanza kushuku mashine. Lakini aliviamini vile vidonge kiasi cha kumshika mkono jirani yake, fundi viatu mwenye presha kama yeye, akampeleka kwa yule binti.

Sasa tufike kwenye msiba. Chai haijapoa, mtu akanong'ona kwamba Mzee alishikwa na kizunguzungu barabarani. Mwingine akasema, ni zile dawa za bei rahisi. Waliporudi kutoka kuzika, habari ilishakuwa dawa feki. Jamani! Muuza magazeti alikuwa hapohapo. Anasema pikipiki ilikuja upande usio wake, dereva simu sikioni, na Mzee alikuwa anatembea wima. Alikuwa anatoka zahanati. Nesi wa zahanati ametuambia, kwa ruhusa ya mjane, kwamba alimpima asubuhi ileile. Alimpima mikono yote miwili, maana Mzee hakuuamini wa kwanza. Presha ilikuwa sawa.

Mnasema lisemwalo lipo. Hili tumelitafuta, halipo.

Familia ya Mzee Hakikisha, poleni sana. Mjane, mama yetu, pole. Na sisi tuliobaki tujiulize: ni wangapi tunakata vidonge kimyakimya kwa aibu ya kumwambia daktari kwamba bei imetushinda? Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nimesema mjane ana sababu ya kunituma. Mke wa fundi viatu alikuja kwake juzi analia. Mumewe ameacha dawa tangu siku ya mazishi, anasema haziamini. "Wakimsingizia mume wangu, sawa, hawezi kujibu," mjane ananiambia. "Lakini fundi viatu ana watoto."

Fundi viatu, najua unasikiliza, kibandani kwako redio haizimwi. Mama anasema usimwamini yeye, wala usiiamini redio. Kesho asubuhi atakuwa amekaa kwenye benchi la zahanati, pale Mzee alipokuwa anakaa. Amekuwekea nafasi. Njoo upimwe, uhakikishe mwenyewe.