Sura ya Waithaka

[Nyundo inagonga bati. Ko, ko, ko. Inanyamaza.]

WALID: Haloo? Nani huyo?

KIMANZI: Niaje, Walid! Ni Kimanzi, hii laini ni ya jirani. Unagonga nini?

WALID: Paa la saiba ya mjomba. Walirusha mawe, walitaka kompyuta. Wewe uko salama?

KIMANZI: Niko Gatina, nimefungiwa ndani kama kuku. Tangu matokeo ya kura yasomwe, hupiti steji ya Kawangware 56 bila vijana kukuuliza kitambulisho, wajue kabila lako. Kompyuta je?

WALID: Tumezificha chini ya kitanda cha mamangu. [mkwaruzo] Lakini—

KIMANZI: Basi Jumamosi kilabu kiko!

WALID: Kimanzi—

KIMANZI: Nisikilize! Wakubwa wagombane, sisi tusome. Waandika programu za kompyuta wangapi hapa Nairobi wana kitabu kimoja tu, wakakikata kwa wembe, kila mtu akapewa sura yake aisome halafu awafundishe wengine? Wangapi, buda?

WALID: Ni sisi tu.

KIMANZI: Ni sisi tu! Amolo alipofukuzwa huku kwetu aliacha godoro, akaacha jiko, sura yake akaivaa ndani ya soksi. Sasa yuko kwa shangazi yake Olympic, huko Kibera, ananiambia, "Mwenyekiti, ninayo." Huyo ndiye mwanachama!

WALID: [anacheka kidogo] Soksi za Amolo? Nani ataigusa hiyo sura?

KIMANZI: Tutaianika kwanza! Sasa, zamu ya Jumamosi ni ya Waithaka. Nampigia kila siku, naambiwa mteja hapatikani. Najua keja yao hapo Kibera ilivunjwa, lakini si alifika kambini Jamhuri na mathe wake? Si walipewa hema?

WALID: Walifika.

KIMANZI: Wote wawili?

WALID: Wote wawili. Siku ile.

KIMANZI: Shukuru Mungu. Basi tuma mtu amwambie—

WALID: Mathe wake yuko hapa kwetu.

KIMANZI: Hapo Makina? Amerudi Kibera? Walid, unamwachaje mama wa watu arudi huko wakati—

WALID: Alikuja kumtafuta.

[Mkwaruzo. Mtandao unapotea, unarudi.]

KIMANZI: Haloo? Haloo?

WALID: Niko. Kimanzi, ile meseji yako ya Jumamosi, ulimtumia na yeye?

KIMANZI: Niliwatumia wote. Ile ya kawaida. "Asiyekuja na sura yake—"

WALID: "—asije." Niliipata.

KIMANZI: Sura alikuwa ameiacha kwa nyumba.

WALID: Chini ya godoro.

KIMANZI: Si angeniambia! Ningemwambia achana nayo! Ni karatasi, Walid! Yale yalikuwa maneno ya mwenyekiti, maneno ya kujigamba tu, kila mtu anajua nina mdomo— Walimkuta wapi?

WALID: Karibu na reli. Alikuwa anatoka. Alikuwa ameshaipata.

KIMANZI: Wakamuuliza jina.

WALID: Wakamuuliza jina.

KIMANZI: Angesema lingine! Angesema Muia. Kikamba kidogo nilimfundisha mimi mwenyewe, angesema—

WALID: Waithaka? Hakujua kudanganya hata kwenye karata.

[Mbali, mtoto analia.]

WALID: Mjomba alileta shuka, tukambeba. Mama anangoja barabara ifunguke ampeleke kumzika Murang'a.

KIMANZI: Na hiyo sura?

WALID: Ilikuwa ndani ya shati. Mama ndiye aliyeitoa. Iko hapa mezani.

KIMANZI: Umeisoma?

WALID: Nitaisomaje? Sura ya mtu haifunguliwi mpaka mwenyewe aifundishe. Kanuni ni yako.

[Karatasi zinasogezwa mezani.]

WALID: Mama anauliza kitu kimoja tu tangu jana. Mtoto wake alirudia nini? Hizo karatasi zinasema nini? Nimjibu vipi? Nimwambie ni mambo ya kompyuta?

KIMANZI: Usimwambie hivyo.

WALID: Basi mwambie wewe. Yuko hapa, naweka spika.

KIMANZI: Ngoja, Walid, ngoja kwanza—

MAMA WAITHAKA: Haloo? Ni Kimanzi?

KIMANZI: Ni mimi, mama.

MAMA WAITHAKA: Umekula?

KIMANZI: Nimekula, mama. Pole. Pole sana, mama.

MAMA WAITHAKA: Alikuwa akisema wewe ni mkali, lakini ukieleza kitu kinaingia. Sasa nieleze. Hapa pembeni amechora nyumba kwa penseli. Nyumba na mshale. Ni nyumba yetu?

KIMANZI: Mama, mimi najua kichwa cha sura yake tu. Ni hivi... kompyuta huweka vitu kama vile ploti ya wapangaji ina vyumba. Kila chumba kina namba yake. Mshale unaonyesha chumba ambamo kitu kiko. Nafikiri alichora hivyo ili tuelewe haraka. Sisi ni wagumu, mama.

MAMA WAITHAKA: Na chumba kikibomolewa?

KIMANZI: Mshale unabaki, mama. Unaendelea kuonyesha pale pale.

MAMA WAITHAKA: Hata mimi naangalia pale pale.

[Ti. Ti.]

WALID: Kimanzi, kredo ya simu yako inaisha—

MAMA WAITHAKA: Karatasi ni nyingi, kijana wangu. Na mimi sikusoma sana.

KIMANZI: Mama! Zishike, usimpe mtu. Kabla hamjaenda Murang'a nitakuwa hapo, hata kwa mguu. Nitaketi na wewe, nikufundishe ukurasa kwa ukurasa, wewe kwanza kabla ya mwanachama yeyote. Sitaruka hata mstari.

WALID: Na vijana wa hapo 56? Utapitaje?

KIMANZI: Nitapita! Mama, unanisikia? Nakuahidi. Nakuja, na sura yangu naiacha nyumbani.