Radi ya Ijumbi Haikutumwa na Mama: Maisha ya Mhandisi Judica Byabato (1969–2025)

Judica alizaliwa tarehe 23 Machi 1969 hapa Ijumbi, wilayani Muleba, mtoto wa kwanza wa marehemu Joackim Byabato na Edvina Kokubanza. Ilikuwa Jumapili ya Judica katika kalenda ya Kanisa letu la Kilutheri, na baba hakuhangaika kutafuta jina lingine. Alizaliwa katika kibanja hiki hiki, shamba hili la migomba mlilokanyaga leo, na wengine wenu mnajua kwa nini tunalisema hilo kwa sauti.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, sekondari Bukoba mjini, akahitimu uhandisi wa umeme Dar es Salaam mwaka 1995. Baadaye alifundisha chuo cha ufundi Bukoba. Alichokipenda kuliko vyote ni namna wimbi la umeme linavyosafiri katika laini. Hesabu yake kamili ni ngumu mno, kwa hiyo aliikata laini kwenye karatasi kuwa vipande vifupi, akalifuata wimbi kipande kwa kipande. Aliwapanga wanafunzi mstari mmoja, mikono mabegani, akamsukuma wa nyuma. Msukumo ulipita mtu kwa mtu, na wa mwisho, asiye na wa kumpokeza, ndiye aliyerushwa mbali. "Mkiwa kumi nakadiria vibaya," aliwaambia. "Mkiwa mia nakaribia ukweli."

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Gamaliel Rutashobya wa Kamachumu. Walijaliwa Kahangwa na Klaudia. Shemeji alimvumilia mke aliyechora mawimbi hata kwenye kitambaa cha meza.

Oktoba 2021 radi ilipiga nguzo ya umeme kule mlimani. Baba mdogo Kaijage, ambaye nyumba yake ndiyo ya mwisho kwenye laini, alikuwa ameshika simu iliyo kwenye chaji. Alifariki papo hapo. Kabla hajazikwa, ukoo ulishaleta mganga, na mganga akamnyooshea kidole mama yetu, mjane. Migomba yake ilifyekwa, akafukuzwa na kanga moja mwilini. Baba alizama ziwani akitoka Bumbire, mwili haukuonekana, na kibanja hiki alikinunua mwenyewe. Kwetu kaburi ndilo hati ya kibanja; hiki hakikuwa na kaburi hata moja, basi wakasema ni mali ya ukoo. Aibu hiyo hatutaifunika kwa maua.

Judica alikuja na hesabu zake. Aliwaeleza wazee kwamba wimbi lilishuka na waya kutoka mlimani, likafika mwisho likakosa pa kwenda, likagonga na kurudi, na hapo nguvu yake ikawa maradufu.

"Hayo si makadirio tu, Injinia?" aliuliza mzee mmoja.

"Ni makadirio. Na mganga wenu alipima kwa kifaa gani?"

Akawapanga mstari kama wanafunzi wake, akasukuma. Mzee Muhidini, jirani yetu, aliyekuwa wa mwisho, akatua kwenye mibuni. Watu walicheka mpaka machozi. Kisha yule mzee aliyeuliza akasema, "Sawa waitu, mwana wetu, tumeona. Lakini nani aliyeisukuma radi?"

"Wingu!" Judica alifoka. Wazee wakachukua fimbo zao wakaondoka. Miaka minne alirudi na kurudi, na miaka minne mama alilala chumba cha wageni nyumbani kwake Bukoba.

Machi 2024 aligundulika na saratani ya shingo ya kizazi, akatibiwa Mwanza. Mwezi uliopita alimwita mumewe akamwambia, "Nizikeni Ijumbi, kwa mama." Kwa mila zetu mke huzikwa kwa mumewe, na ndugu wa Kamachumu walikasirika. Shemeji Gamaliel aliwajibu kwamba siku yake ikifika, naye aletwe huku. Judica alijua kwamba mama mwenye kaburi la mwanawe kibanjani hakuna Mhaya atakayethubutu kumgusa. Mlizikataa hesabu zake. Hili mnalielewa.

Alifariki nyumbani Bukoba, Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025.

Ameacha mume, watoto wawili, mdogo wake Evelyne anayewasomea haya, na mama yake, Edvina Kokubanza, mwenye kibanja hiki. Matanga yakiisha, wageni wote watarudi makwao. Mama anabaki.

Judica, pumzika kwa amani ya Bwana. Umefika nyumbani, na umemleta mama.