Mpiga Kura wa Mwisho wa Silkot

Ndugu waombolezaji, nanyi wazee mliopanda mlima huu kuja kutufariji, historia ya Mzee Dayal Singh Butola inasomwa na mwanawe wa pekee, Virendra.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1941 hapa Silkot, jimbo la uchaguzi la Dhungkhal, akasoma kijiji cha chini, Bhaili, hadi darasa la tano, akaingia jeshini mwaka 1960, akastaafu 1978 na kurudi kulima ulezi. Tarehe 12 Mei 1969 alimwoa Bi. Sureshi Devi, wakajaliwa mtoto mmoja, huyu anayesoma.

Katika uchaguzi wa kwanza wa bunge la jimbo letu la Uttarakhand, Februari 2002, kituo cha Silkot kilikuwa na wapiga kura sitini na mmoja, mwaka 2007 thelathini na wanne, mwaka 2012 tisa, kwani watu waliteremkia mji wa Dehradun mmoja mmoja, Virendra akiwemo, na mwaka 2017 wakabaki wawili, marehemu na mkewe, kila mmoja akachagua chama chake, kura zikauana, wakanuniana siku mbili. Maofisa watano wa uchaguzi walipanda kutwa nzima na mashine ya kura mgongoni, marehemu akawapikia mikate ya ulezi na dengu nyeusi, lakini yeye mwenyewe hakupiga kura hadi saa kumi na moja kasorobo jioni, maana alijua wakimaliza wataondoka. "Mzee, bonyeza basi, baridi inatuua!" wakamsihi, naye akajibu, "Haraka ya nini, wajukuu zangu? Foleni hii hamuioni?"

Mama alifariki tarehe 2 Agosti 2019, marehemu akabaki peke yake, mpweke hasa, akawa anaiitikia redio ikimsalimu asubuhi. Alipoombwa ahamie mjini alisema, "Nikiondoka kituo kitafutwa, na kijiji kitafuata." Oktoba 2021 Virendra alimletea karatasi, akamwambia ni ya pensheni, marehemu akatia sahihi bila kusoma, kumbe ilikuwa ya kuhamishia jina lake la mpiga kura Dehradun, ili akose kisingizio cha kubaki.

Tarehe 14 Februari 2022, siku ya uchaguzi, alipika chakula cha watu watano, akafagia baraza ya shule tuliyopigia kura, akangoja. Saa sita mchana alipiga simu, "Viru, hawa watu wamekwama wapi?" Virendra akajibu, "Labda theluji, baba. Wewe kaa ndani." Hakukaa, alichukua fimbo akateremka kuwalaki, na majirani wa Bhaili walimkuta kesho yake njiani, amelala kwenye theluji. Alilazwa kwa nimonia, akafariki tarehe 19 Februari, akiwa na miaka themanini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, watu wa Bhaili waliombeba mabegani, wanajeshi wenzake, na maofisa wa chaguzi zote waliokula kwake na kumcheka kwa upendo.

Wengi mmeuliza mzee yule alifuata nini kwenye theluji, nasi tukawajibu kuni, jibu hilo ni la uongo, na limetungwa na mimi. Baba, uliponipigia nilijua kwamba hawaji, neno moja tu lingekurudisha ndani uote moto, nikaona aibu kulisema. Pumzika kwa amani, baba yangu.