Kopo la Mawe la Bi Kokoto

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi kamili alasiri, Mlinzi Mkuu wa Lango la Chini anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu, miezi miwili na siku tisa za kazi. Siku hizo tisa aliziongeza mwenyewe kwa kalamu nyekundu kwenye rasimu ya wasifu huu, kwa hiyo msinilaumu. Rasimu aliyoiona haikuwa na ukurasa wa mwisho. Hilo atalijua leo.

Jina lake la kwenye faili wengi wetu hatulijui. Tunamwita Bi Kokoto, na hata wageni waliopita korongoni kwetu mara moja tu wanamwita hivyo hivyo. Mimi ninayeandika ni mlinzi wa Lango la Juu, mwenzake wa redio kwa miaka kumi na minne, na nakiri kwamba tangu asubuhi ninaandika huku nikiimba kwa furaha.

Kwa asiyelijua korongo letu, kama yupo: ni ufa wa kilomita mbili na nusu kati ya milima miwili ya theluji. Kuta zake zinapanda juu mpaka shingo iume, na mahali pengine zinakaribiana hivi kwamba ukinyoosha mikono unagusa huku na huku. Chini yako mto wa theluji iliyoyeyuka unanguruma, baridi yake ya kukusahaulisha jina la mkweo. Unatembea juu ya mbao zilizoshikizwa mwambani kwa vyuma, unapita nyuma ya maporomoko ya maji, unapanda ngazi mia tatu na kumi na mbili, unatokea kwangu juu umelowa chapachapa na unacheka peke yako. Nimepita humo zaidi ya mara elfu na bado moyo unanidunda kila ninapoikaribia kona ya kwanza.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mbao hizo kila mwaka hutolewa kabla theluji haijaanguka na kurudishwa inapoyeyuka, na Bi Kokoto alianza kazi hapa akiwa na miaka ishirini na saba kama fundi wa kuzifunga. Alikuwa akining'inia kwenye kamba, spana mkononi, nyingine mdomoni, mto unapiga kelele chini ya buti zake. Msimu wake wa pili aliumaliza akiwa na mimba ya miezi minne ya bintiye mkubwa. Mama mkwe wake alikuja kuligundua jambo hilo mwaka mmoja baadaye, na hadi leo hajalimaliza kulizungumza. Mumewe, fundi viatu hodari aliyetushonea buti sote, hajawahi kuingia korongoni hata hatua moja. Anasema katika ndoa anatosha mwendawazimu mmoja.

Mwaka wa sita alipewa Lango la Chini, na hapo ndipo jina lilipozaliwa. Wakati ule wageni walihesabiwa kwa vipande vya tiketi, na tiketi ikipita nyuma ya maporomoko hubaki uji. Hakuna aliyekuwa na hakika jioni kama watu wote wametoka. Basi Bi Kokoto akaokota mtoni mawe mia na ishirini yanayoenea kiganjani, akayaandika namba kwa rangi nyekundu, akayatia kwenye kopo la biskuti. Mia na ishirini ndiyo idadi ya juu ya wageni tunaoruhusiwa kwa siku. Kila mgeni anachukua jiwe akiingia chini, analitumbukiza kwenye ndoo yangu akitoka juu, na jioni ndoo inamiminwa koponi. Kanuni ni moja: kopo likijaa tunafunga, kopo lisipojaa hakuna anayekwenda nyumbani.

Katika miaka ishirini na saba ya kopo hilo, hakuna jiwe hata moja lililolala korongoni. Rekodi hiyo haikuja kwa kubembelezana. Wapo wageni waliotaka kuondoka na jiwe kama kumbukumbu. Bi Kokoto hakuwa akigombana nao. Alisimama mlangoni mwa basi lao, kiganja wazi, mpaka mmoja wao aanze kupekua mkoba kwa aibu.

Sasa niseme la kwangu kabla hajalisema yeye kwenye kipaza sauti. Wiki yangu ya pili kazini, jiwe namba arobaini na saba halikuonekana. Tulitafuta kwa saa tano, watu tisa, kamba na mbwa. Bi Kokoto aliingia mwenyewe mpaka kwenye mashimo ambayo hata popo huyaogopa. Aliporudi kibandani kwangu kunywa maji, aliona dirisha langu limezuiwa kwa kitu chekundu chekundu. Nilikuwa nimelichukua mwenyewe ndooni asubuhi, kwa sababu dirisha lilikuwa likipigapiga kwa upepo. Nilijua nimemwaga unga. Alilifuta jiwe kwa kanga yake, akaliweka koponi, akasema: "Mwanangu, dirisha tutalitafutia kijiti." Basi. Kesho yake nilikikuta kijiti mezani, kimechongwa vizuri, kimeandikwa 47. Ninacho mpaka leo.

Lakini kosa hilo ni la kuchekea. Lipo jingine ambalo hajawahi kulisema popote, na kwa kuwa yeye hakulisema, inanipasa mimi.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, alasiri moja, mvua ilishuka milimani bila taarifa. Tuliwatoa wageni haraka. Siku ile yalikuwa yametoka mawe sitini na matatu, nami nikahesabu sitini na mawili. Nikamwambia kwa redio: "Bado moja." Jibu lake lilikatikakatika, halafu redio ikafa. Sikuuliza tena. Baada ya muda kidogo akatokea mwalimu mstaafu mmoja, miwani imejaa maji, akaomba radhi kwamba alikuwa pangoni akichora majani. Akatumbukiza jiwe lake. Sitini na tatu! Nilimkumbatia mzee wa watu mpaka akakohoa. Mawe yote yalikuwa yamerudi, na kanuni inasema likijaa tunafunga. Nikafunga lango la juu kwa kufuli, nikampakia mwalimu kwenye gari, nikashuka naye nikiimba.

Lango la chini nililikuta wazi. Mwavuli wa Bi Kokoto ulikuwa kwenye msumari wake, miwani yake juu ya kitabu, chai haijanywewa. Alikuwa ameingia kumtafuta yule mmoja, shimo kwa shimo. Ndipo akili ikanirudia: mawe ni ya wageni. Yeye huwa hachukui jiwe. Kila jioni, miaka yote ile, alikuwa akipita wa mwisho kuhakikisha njia, na kopo lingejaa vizuri kabisa hata kama yeye asingetoka.

Sijui nilivyopanda na lile gari. Madereva wote duniani wangenikana. Nilipofika juu, njia ya mbao ya chini ilikuwa imeshafunikwa na maji, na Bi Kokoto alikuwa amesimama ngazi ya mwisho, nyuma ya kufuli langu, vidole vimekuwa vya zambarau kwa kushika nondo. Alikuwa hapo kwa nusu saa. Funguo ziliniponyoka mara mbili. Yeye akaniuliza jambo moja tu.

"Kopo limejaa?"

"Limejaa, Bi Kokoto."

"Basi fungua, baridi hii haina adabu."

Njiani nilimwomba msamaha mpaka maneno yakaniishia. Alinijibu kwamba nilifuata kanuni, na kanuni aliitunga mwenyewe, kwa hiyo akitaka kulalamika atajiandikia barua. Ofisini hakupeleka ripoti. Nami nimekula mkate wangu hapa kwa miaka kumi na mmoja kwa sababu ya ukimya wake.

Tangu siku ile simfungii lango mpaka nimwone kwa macho, na kila mwanzo wa msimu nimekuwa nikimwomba achukue jiwe lake kama watu wengine. Kila mwaka jibu ni lile lile: "Mimi si mgeni hapa." Nimebishana naye, nimemsihi, nimemtumia mpaka bintiye. Wapi! Mwamba wa korongo ni laini kuliko yeye.

Wakuu wa kazi watamshukuru leo kwa mengi: kwa wageni walioingia na kutoka salama, kwa mafundi kumi na wawili aliowafundisha kufunga nati gizani, kwa kuzuia lango siku ambazo sisi wengine tuliona jua tu na yeye akanusa mafuriko. Sisi wenzake tunamshukuru kwa kutuhesabu. Ukiwa humo ndani na mto unanguruma, ni raha isiyo kifani kujua kwamba mtu fulani nje anajua bado hujatoka.

Na sasa ule ukurasa ambao hukuuona, Bi Kokoto. Sherehe hii, kama ulivyoona kwenye kadi, ni kibandani kwangu juu, si chini. Ulidhani utakuja kwa gari. Gari limeharibika kwa amri ya Mkuu wa Kituo. Saa kumi na dakika moja wewe si mfanyakazi tena, na asiye mfanyakazi akiingia korongoni ni mgeni, kanuni ni yako. Wajukuu zako wamevaa kofia ngumu tayari. Mumeo naye amevaa, amepiga moyo konde, amesema atakushika mkono na hatatazama chini.

Mezani kwako lipo kopo lile lile. Juu kabisa kuna jiwe tuliloliokota mtoni jana, rangi nyekundu haijakauka sawasawa, lililoandikwa 121. Lichukue, upite polepole, ulowe, ucheke. Uishi miaka mingi yenye afya na njia nzuri za kutembea. Mimi niko juu na ndoo, lango liko wazi, na hapa hakuna anayekwenda nyumbani mpaka jiwe lako liingie.