Mama Fumua, Mshonaji na Mlezi Wetu

Tunamshukuru Mungu aliyetupa mama huyu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Fumua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mpishi wa shule. Alimaliza darasa la saba mwaka 1966, kisha akajifunza ushonaji kanisani kwa miaka miwili. Baada ya kufanya kazi kwa fundi mmoja, mwaka 1974 alifungua chumba chake cha kushonea, chenye cherehani moja ya miguu na dirisha lililotazama barabara.

Tarehe 6 Januari 1973 alifunga ndoa na baba yetu, fundi bomba. Walijaliwa watoto watatu, na sote tulikulia chini ya meza ya kukatia vitambaa.

Dada yetu alipokuwa na miaka kumi alijishonea sare ya shule, na mkono wa kulia akauweka kushoto. Mama akaitazama. "Hii mikono ni yako, au umeazima?"

Dada akaangua kilio. Shule ilikuwa inafunguliwa kesho yake.

"Mama watoto, si umshonee tu?" baba akasema.

"Nikimshonea leo, siku nisipokuwepo atashonewa na nani?" Akavuta kigoda, akakaa karibu naye. "Lia kwanza, mama. Kazi haikimbii. Ukimaliza, fumua."

Hakugusa sindano, wala hakuondoka pale mpaka sare ilipokamilika. Ndivyo alivyotulea. Ukianguka hakukimbilia kukuinua, lakini ukigeuka ulimkuta yupo.

Mwaka 2018 kisukari kilianza kumpunguzia nuru ya macho. Wajukuu walipotaka kumtungia uzi kwenye sindano alisema, "Leteni, nijaribu tena." Siku uzi ulipopita, alicheka kama msichana. Alilazwa tarehe 2 Juni 2022, na asubuhi ya tarehe 9 Bwana akamchukua, tukiwa tumemshika mkono.

Gauni alilovaa Mama leo jenezani limeshonwa na dada. Mkono mmoja aliukosea. Mama mdogo akanyoosha mkono kulipokea: "Lete nikusaidie, mwanangu."

"Hapana, mama mdogo. Wewe kaa tu hapa karibu."

Dada akalia. Alipomaliza, akafumua.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na mdogo wake mmoja.

Mama, nasi tutalia kwanza. Mungu akupe pumziko la amani.