Orest Fedoruk na Usukani Ambao Hakumpa Mtu

Baba Padri Bohdan, majirani wa Vegreville, na nyote mliotoka mbali kuja kutufuta machozi, mimi naitwa Metro Sawchuk, mdogo wake Verna, mjane wetu, kwa hiyo shemeji wa marehemu, na familia imenipa mimi karatasi hii kwa sababu kila nitakachosoma nilikiona mwenyewe kwa macho yangu haya mawili, hata kuzaliwa kwake nilikuona, na asiniulize mtu imewezekanaje wakati yeye amenizidi miaka minne, shule niliachia darasa la nane na hesabu za namna hiyo nikamwachia mwalimu.

Marehemu Orest Fedoruk alizaliwa tarehe 9 Februari 1946, shambani kwa baba yake karibu na Mundare, hapa hapa Alberta, akiwa mtoto wa tano kati ya saba, siku ambayo baridi ilikuwa kali mpaka mkunga akamhifadhi kwenye tanuri la mkate ili asigande, na mimi naamini hapo ndipo kichwa chake kilipookwa kikawa kigumu vile.

Alisoma shule ya msingi Mundare, akaendelea mpaka mwaka 1962, kisha akaenda Edmonton kujifunza umakanika, akarudi majira ya baridi hayohayo akisema mwalimu hajui kitu. Mwaka 1967 aliajiriwa na wilaya kuwa dereva wa greda, akakwangua theluji na changarawe za barabara zetu mpaka alipostaafu mwaka 2001, na katika kazi hiyo alipata ugonjwa uliotutesa sisi kuliko ule uliomuua yeye, nao ni kuamini kwamba duniani hakuna mtu mwingine anayejua kuendesha gari.

Tarehe 14 Oktoba 1972 alifunga ndoa na dada yangu Verna, wakajaliwa watoto wawili, Darcy na Lesia, ambao wote wako hapa mbele. Sasa sikilizeni vizuri, huyu Verna aliendesha basi la shule la wilaya hii miaka ishirini na miwili, juu ya barafu, watoto arobaini nyuma wakirushiana mabuti, na hakuwahi kukwaruza hata sanduku la barua la mtu, nusu yenu humu ndani amewabeba yeye, na Orest alilijua hilo, lakini tangu siku waliyooana, ndani ya gari la Orest, Verna alikaa kiti cha abiria.

Mwaka 1989 marehemu alinunua lile gari-nyumba mnalolijua, lenye kitanda, jiko na choo ndani, refu kiasi kwamba mbele likiwa limefika Yukon, kule kaskazini kabisa, nyuma bado linatoka Alberta, na kuanzia hapo kila kiangazi tulikwenda kaskazini, yeye, Verna na mimi niliyelala juu ya meza ya kulia. Tulilala mbuga zote, tuliumwa na mbu wa huko ambao wakikuonja wanarudi kuomba chumvi, tuliona dubu wengi mpaka dubu wakachoka kutuona, na kila jioni ilikuwa vita ileile, kuingiza gari kambini kwa rivasi. Verna anasimama nyuma anaonyesha kwa mikono, kushoto, kushoto, simama, na Orest anamtazama kwenye kioo, kisha anafanya lake. "Nimesema simama," Verna anapiga kelele. "Nimekuona," anajibu Orest, huku ameshaugonga mti, na hakuna kambi kaskazini ya Edmonton ambayo haina mti wenye kovu la bampa lake. Akishagonga, anashuka na vibao vyake, anavipanga chini ya matairi, anaweka bakuli la borshi mezani kuangalia kama gari limekaa sawa, supu inakaa hapo inapoa, sisi tuna njaa, yeye anasema bado imeinama upande wa Verna.

Kiangazi cha mwaka 1998, tukiwa njiani kuelekea Whitehorse, tulisimama kujaza mafuta mbele kidogo ya Watson Lake, Verna akashuka kwenda chooni kwa sababu choo chetu Orest alikuwa amekijaza vibao, na Orest akaja akawasha gari akaondoka, akidhani mkewe yuko nyuma kitandani. Mimi nilikuwa kiti cha mbele nimelala, lakini niliona yote. Karibu saa nzima aliongea naye, akamwambia geuka uone ule mlima, kimya, akamuuliza kama soseji zimebaki, kimya, akasema, "Haya, nuna, mimi ndiye niliyekwambia tusije na mdogo wako," kimya, na alikasirikia ukimya huo mpaka akaanza kujibu maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Kisha gari-nyumba jipya la wazee wawili wa Kijerumani likatupita, na dirishani alikuwa Verna, anakula aiskrimu, anatupungia mkono. Tulimkuta kituo cha mbele amekaa kivulini, akamwambia mumewe, "Orest, nipe funguo," na Orest akamjibu, "Funguo za nini, wewe hata kupanda gari unasahau." Watu wa Mungu, mtu wa namna hiyo unamfanya nini.

Mwezi Septemba 2016 ilikuwa safari yake ya mwisho, kwenye ile barabara ya changarawe ya Dempster inayopanda mpaka juu kabisa kwenye ncha ya dunia, mvua imenyesha, tope limekuwa uji, tumeshapata pancha mbili, na tulipofika Eagle Plains mawe ya figo yakamshika, akaanguka chini karibu na tairi akijikunja. Alitaka kuendesha hivyohivyo. Alitambaa mpaka mlangoni, na ilibidi mimi na Verna tumkokote kumlaza nyuma, Verna akachukua funguo mfukoni mwake bila kuuliza, akarekebisha kiti, akageuza lile dude katikati ya tope mara moja tu, akalishusha kilomita mia nne mpaka hospitalini Dawson, malori yanatupiga mawe, upepo unatusukuma kama gazeti. Huko nyuma, mimi nikiwa nimemshika mgonjwa asidondoke, Orest alinivuta shati akaniambia kwa maneno haya, "Metro, mwanamke huyu ananizidi, siku nikifa yeye ndiye anipeleke." Kesho yake, mawe yametoka, akachukua funguo kana kwamba hakuna lililotokea.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Novemba 2017, na Krismasi, mbele yetu sote, mdomo umejaa pirohi za viazi, alisema akifa achomwe na majivu yapelekwe Tombstone, kwenye kambi yake ya siku zote kando ya ile barabara ya Dempster, kwa gari lake mwenyewe, si kwa ndege na si kwenye buti la gari la Darcy. Hali ilibadilika tarehe 1 Mei 2018, baada ya kupanda juu ya paa la gari kuondoa turubai la baridi, kazi aliyokatazwa na daktari, na mkewe, na binti yake, na mimi, na mtu wa posta, akapelekwa hospitali, na tarehe 3 Mei saa kumi na moja alfajiri akatutoka, mkononi mwa Verna. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu. Majivu yake ni yale mezani kwenye kopo la kahawa, mtungi aliukataa, na Padri namwona amenuna lakini Padri hakuishi naye.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Orest alisema aende na gari lake, hakusema nani aendeshe. Mimi leseni wameninyang'anya kwa ajili ya macho, ingawa naona nzi aliyekaa kwenye mnara wa kanisa la Mundare. Darcy amepata mnunuzi anayekuja Jumamosi, anasema, "Mjomba, mama ana miaka sitini na tisa, lile gari hajawahi kupewa, tutampeleka baba kwa ndege," na Verna mwenyewe, tangu msiba uanze, amekaa jikoni akirudia neno moja, kwamba Orest hakumpa usukani akiwa hai, na yeye hatamnyang'anya akiwa amekufa. Basi ndiyo maana nimewasomea alichosema Orest kule nyuma ya gari.

Kwa niaba ya familia namshukuru Daktari Pretorius na wauguzi wake, waliovumilia kufundishwa udaktari na dereva wa greda, nawashukuru wenzake wa idara ya barabara waliokuja na greda mbili mpaka mlangoni, nawashukuru kina mama wa ukumbi huu kwa kabichi na pirohi, na majirani mliokata nyasi bila kuombwa.

Karatasi yangu iliishia hapo. Lakini Verna amevua miwani, ananitazama vilevile alivyonitazama nilipokuwa mtoto nikisema kuku ndio waliokula keki, na nyinyi wa nyuma hamkusikia alichosema sasa hivi, amesema, "Metro, Orest hawezi kusema hivyo."

Ni kweli, hakusema. Lile neno nimelitunga jana, mengine yote nimeyapaka chumvi kidogo tu, lakini lile nimelitunga lote. Alichosema Orest kule nyuma ni mwambie apunguze gia, mwambie asibane kulia, mwambie hilo si daraja la kupita hivyo, alisema mpaka nikatamani mawe yapande yamzibe koo, halafu mahali fulani baada ya mto Ogilvie akanyamaza. Nikadhani amekufa. Nikamwinamia, nikasikia anakoroma. Verna, mtu huyu kwenye ndege ya Hawaii alikaa macho saa zote akimsaidia rubani, kwenye basi alisimama nyuma ya dereva, mimi mwenyewe sijawahi kumwona amefumba jicho kwenye kitu chochote kinachotembea, na siku ile, wewe ukiwa kwenye usukani, alilala mpaka Dawson, ikabidi manesi wamwamshe. Sikukwambia kwa sababu aliniambia nikikwambia atanishusha Yukon niliwe.

Darcy, mama yako anauliza kama matairi ya mbele yana upepo. Mjibu, mwanangu, usinitazame mimi.

Pumzika kwa amani, shemeji, na safari hii usimwambie kitu kuhusu gia.